Mtani Mwenye Kola

Emiliana Kihwele aliingia Ilonjelo wakati wanawake wanapepeta uwele, na kabla hajazima pikipiki yake ya umeme alikuwa ameshatukanwa.

"Fungeni mbwa jamani," mama mmoja alisema bila kuinua macho kwenye ungo wake. "Mhehe kaja."

"Mbwa wenyewe mbavu tupu," Emiliana alijibu akivua kofia ngumu. "Nile mbavu za nini?"

Wakacheka, akaletewa maji ya kunywa. Wagogo na Wahehe ni watani tangu enzi za vita vyao, na mahali pale Mhehe asiyetukanwa ndiye wa kuanza kujiuliza kakosa nini. Emiliana alizaliwa Iringa, akasomea udaktari wa wanyama, na kwa miaka yote aliyokuwa akija kijijini hapo hakuwahi kupewa salamu ya heshima hata mara moja. Aliipenda safari hiyo kuliko safari zake zote za kazi.

Leo hakuipenda. Ndani ya begi lake mlikuwa na kasha la kijivu walilozoea kuliita Mwamuzi, na chini ya kasha hilo sindano tatu, moja kubwa na mbili ndogo.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Dada yako? Yuko kwa mjane, wapi kwingine. Tangu tumzike mzee hatoki pale."

Mama Mbeleje alikuwa kakaa mkekani, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Kando yake, kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, alilala fisi mkubwa wa madoadoa mwenye kola ya rangi ya shaba shingoni. Watoto wake wawili, nao na vikola vyao, walikuwa wakigombania kandambili ya marehemu, huyu kavuta huku na yule kavuta kule. Hakuna aliyewakataza.

Emiliana alipiga goti. "Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Pole nimeipokea. Shikamoo irudishe Iringa, huku hatuli mbwa." Mama Mbeleje alimshika mkono na hakuuachia. "Umekuja kwa wema au umekuja kwa kazi?"

Kola ya fisi ilimjibia. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtulivu, kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yachekeshe mara mbili.

"Kwa kazi," alisema fisi, Binti Iringa kama walivyomwita pale. "Akija kwa wema ananuka maandazi. Leo ananuka ofisi."

Mama Mbeleje alicheka. Emiliana alijaribu kucheka, akashindwa, na fisi yule aliinua kichwa kumtazama.

*

Mambo yalianza tai walipokwisha. Watu walitia sumu kwenye mizoga kuua simba waliokula ng'ombe wao, sumu ikawapata tai, na siku ilipogundulika kwamba anga ni tupu ikawa wamechelewa hata kwa majuto. Mizoga ikaozea malishoni, ikazaa homa, homa ikashuka visimani. Ndipo kituo kimoja cha utafiti huko Iringa kilipobuni fisi wa namna mpya, mwenye tumbo linaloua kila kijidudu. Wakamvalisha kola inayosoma mitetemo ya koo lake na mishipa ya shingo yake na kuitafutia maneno, ili akiukuta mzoga wenye ugonjwa aweze kuwaonya watu wakae mbali. Waliipa kola maneno machache ya kazi. Mengine, walisema, atajifunza mwenyewe kwa kusikia.

Kwamba angesikia nini, hawakujiuliza.

Emiliana ndiye aliyemlea huyu kwa chupa, jikoni kwake, na neno la kwanza alilomsikia akilisema lilikuwa "maziwa". Alipomleta Ilonjelo, kijiji kizima kilikataa. Fisi ni kipando cha wachawi, wazee walisema. Usiku anakuja na mtu mgongoni, asubuhi mwenye nyumba haamki. Mkutano ulikuwa unakaribia kuvunjika wakati Mzee Ndahani, mume wa Mama Mbeleje, mtu mrefu mwenye masikio mazito, alipouliza kutoka nyuma.

"Huyu kazaliwa wapi?"

"Iringa, mzee," Emiliana alisema, ikabidi arudie kwa sauti.

"Mbona hamkusema mapema? Basi huyu si fisi. Huyu ni Mhehe." Mzee Ndahani akawageukia wenzake. "Na mtani hawezi kukuroga. Mtani anakutukana mchana kweupe, anakula kuku wako, na ukifa anakuzika. Mwacheni akae."

Kicheko kile kilimpa fisi makazi. Wakamwita Binti Iringa, wakamtukana asubuhi na jioni, na kola yake ikasikiliza yote. Haukupita muda akaanza kuwajibu. Mpinzani wake mkuu alikuwa Mzee Ndahani mwenyewe. Kila jioni walikaa wawili hao pale ukutani, mzee akimwambia babu zake walikimbia vita, yeye akimwambia mzee kwamba hata vita vyenyewe hakuvisikia kwa masikio yale. Emiliana alikuwa na saa nyingi za mazungumzo hayo kwenye simu yake. Alikuwa akiyasikiliza akiwa na siku mbaya.

Sasa Mzee Ndahani alikuwa amekufa, na Binti Iringa alikuwa amefanya kazi ya mtani msibani, ya kuzuia jeneza na kuwachekesha wafiwa.

*

"Simameni hapo," ilisema sauti ya mtangazaji kwenye rekodi. "Huyu ni wangu. Nimemngoja siku nyingi. Mkipita hapa namla, na naanza na masikio, maana hayakuwahi kutumika."

Kisha kikasikika kicheko cha fisi, kile chembamba cha kupanda na kushuka.

Emiliana alizima rekodi. Walikuwa wamebaki yeye, mjane na fisi pale kwenye mkeka, na mwenyekiti wa kijiji, Chilolo, aliyekuja na kigoda chake. Kasha la Mwamuzi lilikuwa bado limefungwa ndani ya begi.

"Alilala katikati ya njia ya makaburini," Chilolo alisema. "Jeneza likatuliwa chini. Tukambembeleza. Tukampa ugoro, akasema fisi havuti ugoro, ni tabia za Wagogo. Tukampa kuku, akaondoka, tukaenda kuzika. Kuna kosa gani? Hata wewe ungekuwepo ungelala pale pale."

"Ningelala," Emiliana alikubali.

"Nilikuwa sijala tangu mzee akate roho," Mama Mbeleje alisema polepole. "Wala sijalia. Nilikuwa nimekauka tu. Aliposema ya masikio nikacheka, na nilipocheka ndipo machozi yakatoka. Jioni ile nikala ugali. Hayo uyaandike."

Emiliana aliona afadhali aseme yote kwa mkupuo. Kola ilikuwa imepeleka maneno yale makao makuu, kama ilivyopangiwa kwa maneno ya vitisho tu: mnyama aliyebuniwa kaudai mwili wa binadamu na kutishia kuula. Alimpigia mkuu wake simu. Mkuu wake ni Mnyamwezi, alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema: najua utani dada yangu, nimezaliwa nao, lakini Mwamuzi haujui, na sheria imempa Mwamuzi kuamua, haikunipa mimi. Mwamuzi ni mashine iliyotengenezwa mbali, kwa mikono ya watu ambao wakifiwa hukaa kimya wamevaa suti. Angeuliza jambo moja tu, kama mnyama alielewa alichokisema.

"Kwani si alielewa?" alisema Chilolo.

"Kama alielewa, basi ama alitishia kweli, ama alisema asichokikusudia. La kwanza ni tishio. La pili sheria inaliita hila, na hila wanaamini inarithiwa." Emiliana aliwatazama watoto wa fisi na kandambili yao. "Yeye na hawa wanachomwa sindano. Leo."

Kuku alipita, akamwona Binti Iringa, akageuza njia.

"Na kama hakuelewa?" Mama Mbeleje aliuliza.

"Basi ni kasuku. Anatoa sauti tu. Anavuliwa sauti, anaachwa aendelee na kazi yake, na watoto wake vile vile. Wataishi. Lakini hataongea tena, mama. Watoto nao hawataongea kamwe."

Hakumaliza lililokuwa moyoni. Katika mikutano yote aliyowahi kuhudhuria, mbele ya watu waliovaa vizuri na wasiowahi kumgusa fisi, alikuwa amepigania kitu kimoja, kwamba wanyama hawa wanaelewa. Alisema hivyo kwa kiapo. Wakati mwingine alipiga meza. Na sasa ili huyu mmoja aishi, ilimpasa aapishwe tena na aseme kinyume, na neno lake hilo lingenukuliwa kila mahali ambako fisi mwenye kola alikuwa akiongea na watu. Lilikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi, na lilikuwa limemkosesha.

"Mnanijadili kama mbuzi wa mahari," alisema Binti Iringa. "Mimi niko hapa."

Emiliana akamgeukia. "Samahani. Umesikia yote. Unasemaje?"

Fisi alimvuta mmoja wa watoto wake kwa ukosi wa shingo, akamlaza kati ya miguu yake, akamlamba sikio.

"Hawa bado hawajui kutukana," alisema. "Wanajua maziwa tu. Waache waishi. Nitakuwa kasuku."

*

Kikao kilifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, jua likiwa juu, kijiji chote kimekuja. Emiliana aliweka kasha juu ya meza na kulifungua. Taa ndogo ya buluu iliwaka, na Mwamuzi akaongea Kiswahili safi kisicho na makosa wala chumvi.

"Kiumbe kijibu. Ulisema utamla marehemu. Ulikusudia nini?"

Binti Iringa aliketi kwa matako kama mbwa, ulimi nje. Emiliana hakuwa amemwona akikaa hivyo maishani. Alikuwa fisi mwenye maringo.

"Maziwa," alisema.

"Rudia jibu."

"Maziwa. Habari za asubuhi. Maziwa. Mzoga huu una ugonjwa. Maziwa."

Mtu mmoja nyuma aliguna, akakanyagwa mguu na mwenzake. Emiliana alitazama chini. Alikumbuka chupa, na kidole chake kilivyong'atwa na meno ya kitoto, na jinsi alivyoruka jikoni peke yake kama mwendawazimu siku aliposikia neno lile kwa mara ya kwanza.

"Shahidi wa kwanza," Mwamuzi aliita. "Mjane wa marehemu. Umeishi karibu na kiumbe hiki. Je, kinaelewa maana ya maneno yake?"

Mama Mbeleje alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni. Alikuwa hajamtania mtu hadharani tangu msiba, na watu walimwona akivuta pumzi, wakajua kinachokuja.

"Huyu? Aelewe nini huyu," alisema. "Kichwa hicho unachokiona ni cha kubebea masikio. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimwambia simama, analala. Miaka yote hii hajui tofauti ya mzoga na mgeni, mgeni akisinzia tu anaanza kumzunguka. Wa Iringa wote wako hivyo, lakini huyu walimtuma huku ili kwao ipungue aibu. Mwenyekiti wetu akili zake unazijua, lakini akikaa karibu na huyu anaonekana profesa."

"Ni kweli tupu," alisema Chilolo kwa uso mkavu. "Nakaa naye makusudi."

Hapo kijiji kikafunguka. Mmoja alisema fisi huyo aliwahi kubwekea kivuli chake mpaka kikamkimbia. Mwingine alisema anajua kuhesabu mpaka moja. Bibi mmoja asiye na meno alidai kwamba fisi humsalimia kila siku asubuhi na jioni akimdhani watu wawili. Walimtukana kwa zamu na kwa pamoja, kwa raha, kwa upendo wote waliokuwa nao, na wengine walikuwa wanafuta macho huku wanatukana. Binti Iringa alikaa katikati yao na ulimi wake nje. Mwamuzi alipokea kila neno kama lilivyo, akalipanga kwenye ushahidi.

"Ushahidi wa jamii unalingana," alisema. "Mtaalamu athibitishe kwa kiapo. Dokta Kihwele, je, kiumbe hiki kinaelewa maana ya maneno yake?"

Kelele zikaisha. Emiliana aliinua mkono wa kulia, akaapa. Alipomaliza kuapa alimwona Binti Iringa amerudisha ulimi ndani na anamtazama.

Ndipo alipotambua lililomsumbua tangu asubuhi. Wagogo walikuwa wamemaliza kumwita fisi huyo mpumbavu, na hakuna lililomchoma, kwa sababu ni watani wake na mdomo wa mtani hauna kosa. Emiliana hakuwa mtani wake. Yeye na fisi huyu walikuwa wa upande mmoja, wa Iringa wote wawili, mlezi na mtoto. Neno lile lile likitoka kinywani mwake lingekuwa tusi la kweli.

"Haelewi," alisema. "Haelewi chochote. Ni kasuku."

Taa ya buluu ikageuka ya kijani.

*

Kuvua sauti si kazi kubwa. Kuna kibati ndani ya kola, ukubwa wa ukucha, kinachoshikwa na skrubu mbili, na mtu mwenye mikono tulivu hukitoa kabla ya dakika kuisha. Emiliana alianza na watoto, ambao walidhani bisibisi ni kitu cha kuchezea.

Walikuwa wamerudi kwa Mama Mbeleje, kwenye mkeka. Mwamuzi alikuwa amefungwa na kutupwa chini kabisa ya begi, juu ya sindano ambazo hazikutumika.

"Ulinipa maziwa," alisema Binti Iringa zamu yake ilipofika. "Halafu umesimama mbele za watu umesema sielewi."

"Nilisema uongo."

"Najua. Masikio yangu mazima." Alilaza kichwa chake kizito juu ya goti la Emiliana, mahali alipokuwa akikilaza zamani kilipokuwa chepesi. "Lakini wewe si mtani wangu. Kwa hiyo liliuma."

"Liliniuma hata mimi."

"Umesema usichokikusudia. Nami nilisema nisichokikusudia. Mimi wangenichoma sindano, wewe utapata mshahara."

Emiliana alicheka na kulia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujizuia. Alimkumbatia shingo, manyoya makavu, harufu ya mizoga na vumbi, harufu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeipenda na yeye aliipenda.

"Nifanye sasa?" aliuliza.

"Subiri kidogo." Fisi aliinua kichwa, akamgeukia mjane. Alikuwa kama anatafuta neno ambalo hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote wa pale. "Mama Mbeleje. Siku ile njiani sikuwa nacheka. Sauti ile kwetu fisi ni ya hofu. Nilikuwa naogopa mtakapomfukia. Mzee Ndahani nilimpenda."

Mama Mbeleje aliweka mkono mdomoni. Aliutoa, akaurudisha. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Nyamaza," alisema. "Mtani hasemi hivyo."

"Leo nimesema."

"Basi umesema." Mama Mbeleje akamwitikia Emiliana kwa kichwa.

Skrubu ya kwanza ilitoka kwa shida, ya pili ikatoka yenyewe. Kibati kikamwangukia Emiliana kiganjani, bado kina joto la shingo. Binti Iringa alifungua kinywa, akakifunga, akajilamba pua. Watoto wake walikuwa wameshairudia kandambili.

Hakuna aliyejua kufanya nini, mpaka Mama Mbeleje alipojisogeza kwenye mkeka, akaegemea ukuta pale alipokuwa akikaa mume wake, na kupiga udongo kando yake kwa kiganja. Fisi akaenda akalala hapo.

"Haya," mjane alimwambia, "leo utanisikiliza. Babu zako walikimbia vita, wanawake mbele, wanaume wakiwauliza njia."

Akanyamaza kidogo, akimtazama usoni, akampa muda.

"Na hiyo pua. Hiyo pua walikupa ya nani? Mwenyewe anaitafuta."

Akanyamaza tena. Emiliana alikuwa ameshawasha pikipiki na kufika mwisho wa uwanja, na bado alimsikia Mama Mbeleje akiendelea, tusi baada ya tusi, na baada ya kila tusi akiacha nafasi ya kujibiwa.